Gari Lililolishwa Samli

Niliacha shule darasa la tano kwa sababu ya lori. Lilisimama mbele ya darasa letu likiwa limefunguliwa boneti, nami nikatoka nje nikaone ndani kuna nini. Sikurudi. Tangu siku hiyo nimekuwa utingo, mchimba visima, mfyatua matofali, msaidizi wa fundi redio, na kwa majuma machache mlinzi wa mizinga ya nyuki. Popote palipokuwa na kitu kilichogoma, nilikaa mpaka nijue kimegomea nini. Kikishaanza kufanya kazi, hamu ilinitoka, nikatafuta usafiri.

Ndivyo nilivyofika Natta, mwaka ule watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa. Nilikuwa juu ya magunia ya chumvi kwenye lori lililokuwa likielekea Mugumu, nikaona kando ya njia kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona: gari dogo jekundu la viti viwili, halina paa, limelala chini kama mjusi, limeegeshwa ndani ya zizi la ng'ombe. Nilipiga bodi la lori kwa kiganja mpaka dereva akasimama.

Mwenye gari alikuwa mzee mwembamba, amekaa kwenye kigoda, anaondoa kinyesi cha ng'ombe kwenye tairi kwa kijiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mura," alisema, kama wanavyowaita vijana kule. "Umepotea?"

"Hapana. Nimeona gari."

"Kuliona wanaliona wote," alisema. "Ninayemtafuta ni wa kulitoa hapa."

Mzee huyo alikuwa amepika miaka mingi kwa Mzungu mmoja mwindaji. Mzungu alipofunga kambi na kurudi kwao, alimwachia mpishi wake gari na karatasi zake zote. Mzee akajifunza kuliendesha mwenyewe, akazunguka nalo kila siku ya mnada, akiwa amevaa koti la kaki na kofia ya kambini. Watu walizoea. Watoto waliliita Kuku, kwa sababu ya rangi na kwa namna lilivyorukaruka kwenye makorongo. Sasa Kuku alikuwa amegoma, na amegoma wakati mbaya.

Kaya zote za upande ule zilitakiwa kuhamia kijiji kipya, ng'ambo ya mto, kwenye nyumba zilizopangwa mistari. Mashine ya kusaga ya kijiji ilikuwa imeshafika. Injini yake ilikuwa bado njiani, na njia hiyo ilikuwa ndefu. Kila mwanamke alikuwa bado anasaga kwa jiwe. Kwa hiyo balozi wa nyumba kumi alipopita kuandikisha mali za kuhamishwa, alizunguka gari mara mbili akasema lina injini nzuri ya kuzungushia mashine ya kijiji, kwa kuwa lenyewe halitembei.

Balozi na mzee walikuwa wametahiriwa siku moja, saiga moja kama wanavyosema kule, na watu wa saiga moja hawana tusi la kuwagombanisha. Ugomvi wao ulikuwa wa kuchekesha kuliko michezo ya sinema.

"Kinachokokotwa na ng'ombe si gari, ni jembe," balozi alimwambia mbele ya watu. "Na jembe katika kijiji cha ujamaa ni la wote."

"Na kinachoongea bila kufikiri ni nini?"

"Ni balozi wako. Sikia: siku ya kuhama, gari likivuka mto kwa nguvu zake likafika ofisini, ni lako mpaka ufe, na hakuna atakayeligusa. Likija na ng'ombe, Jumatatu tunatoa injini."

"Litafika."

"Lakini nakujua wewe. Utaliwasha likiwa ndani ya gia, lije likikimbia kama kichaa bila kusimama. Mimi nilikuwa jeshini, nimepanda malori yasiyo na klachi. Lazima lisimame mbele ya ofisi, injini inanguruma, gia imo ndani, halafu liondoke tena. Hapo ndipo nitajua ni zima."

Mzee alikubali wakapeana mikono. Siku ya kuhama ilikuwa Jumamosi. Mimi nilifika Jumapili, siku sita kabla.

Jioni hiyo mkewe alinipa ugali wa mtama na maziwa ya mgando, akaniuliza kama kweli ninajua magari. Nilimwambia najua kuyaangalia.

"Mimi sijui nimwombee nani," alisema. "Nikiliangalia lile gari namwona mume wangu. Bila hilo atakaa kwenye kigoda mpaka aote mizizi. Nikiliangalia jiwe la kusagia nauona mgongo wangu."

Asubuhi na mapema niliingia ndani ya gari, nikakanyaga pedali ya klachi. Haikwenda. Ilikuwa ngumu kama nimekanyaga kisiki. Nilimwita mzee.

"Ndivyo linavyokuwa asubuhi," alisema bila wasiwasi. "Lina umri. Hata mimi magoti yangu yanakuwa hivyo mpaka jua litoke. Wakati wa baridi huwa naliwekea chungu cha makaa hapo chini."

"Chungu cha makaa?"

"Linapata nafuu."

Saa sita mchana nilikanyaga tena. Sasa pedali ilikwenda mpaka chini bila ubishi, laini kama uji, ikabaki huko huko. Niliivuta juu kwa kidole cha mguu. Tuliwasha injini, nikajaribu kutia gia, giaboksi ikapiga kelele kama mtu anayetafuna changarawe.

Nilifurahi sana. Gari linaloumwa ugonjwa mmoja asubuhi na mwingine mchana ni gari la kukaa nalo.

Klachi ya gari lile haikuvutwa na waya kama ya pikipiki. Ilisukumwa na mafuta. Unapokanyaga, pedali inasukuma pistoni ndani ya silinda ya juu, masta silinda. Pistoni inasukuma mafuta kwenye bomba jembamba. Bomba linashuka mpaka silinda ndogo ubavuni mwa giaboksi. Silinda hiyo inasukuma mkono wa chuma, na klachi inaachia. Ndani ya kila silinda kuna raba ndogo yenye umbo la kikombe inayozuia mafuta yasirudi nyuma. Mambo ni hayo tu. Mafuta hayana akili ya kubadilika kati ya asubuhi na mchana, ndivyo nilivyoamini. Nilishuku bomba limepondeka. Nilililaza kiganjani kipande kwa kipande, lilikuwa zima. Nilishuku pedali ina kutu kwenye ekseli yake. Niliichomoa, ilikuwa inang'aa. Jumatatu ikaisha hivyo, na mzee akaniangalia kama mtu aliyemkaribisha mgeni bila kumuuliza atokako.

Aliyenionyesha ugonjwa ni mbwa. Jumanne nilikuwa nimelala chini ya gari, na mbwa wa pale nyumbani akaja akalala karibu yangu kama mtu mwenye miadi. Akainua kichwa, akaanza kulamba giaboksi. Alilamba kwa utaratibu, pale pale silinda ndogo ilipokuwa inavuja, akimaliza anasubiri, tone jingine likija analamba.

Nimekaa na mafundi wengi. Sijaona mbwa anayelamba mafuta ya breki, na ndiyo yanayotiwa kwenye klachi kama ile.

Nilitoka chini, nikafungua kikopo cha mafuta ya klachi, kilichokaa juu ya masta silinda, nikaingiza kidole. Kilitoka na kitu cha njano kilichoganda nusu. Nilinusa. Nilijua harufu ile tangu nikinyonya.

"Mzee," nilisema taratibu, "humu umeweka nini?"

Aliangalia upande wa jikoni kwanza. Kisha akasogea karibu.

"Punguza sauti."

"Ni samli?"

"Mafuta yenyewe yalipungua. Nilikwenda Mugumu, duka la kwanza hakuna, la pili hakuna, hata sabuni hawana. Nikafikiri. Mtoto akizaliwa tunampaka nini? Samli. Ngao ya babu yangu ilipakwa nini isipasuke? Samli. Mgeni wa heshima anawekewa nini kwenye chakula? Samli haijawahi kumdhuru mtu, mura. Na gari lilikubali! Kiangazi chote lilikwenda vizuri kuliko alipokuwa nalo Mzungu."

Ndipo yote yaliponikalia sawa. Kiangazi cha Natta, samli ni maji. Mvua zilipoanza na asubuhi zikawa za baridi, iliganda ndani ya bomba kama ndani ya kibuyu, ndiyo maana pedali ilikuwa kisiki. Jua likipanda inayeyuka. Lakini mafuta ya mnyama na raba hayapatani. Raba ilikuwa imenyonya samli mpaka ikavimba, ikakwama, ikaanza kuchanika. Chungu cha makaa hakikuwa ushirikina. Kilikuwa dawa halisi ya ugonjwa ambao mzee mwenyewe aliuleta.

Nilitaka kumweleza, lakini mkewe alikuwa ameshasimama nyuma yetu na ungo mkononi.

"Kumbe," alisema. "Kumbe ni wewe."

"Mama..." mzee alianza.

"Nimempiga paka. Nimemfukuza paka nyumba hii kwa ajili ya samli! Paka yuko kwa jirani mpaka leo, amenenepa, ananitazama kwa dharau. Na wewe unakaa hapo kwenye kigoda unasema, 'Kweli, paka huyu ni mwizi.'"

Kuna makosa ambayo rika hawezi kukusaidia. Ila mama alipomaliza kusema, na alisema kwa muda, aliinama akachungulia kikopo akauliza, "Sasa anatibiwaje?"

Nilifungua silinda zote mbili. Raba zilikuwa zimevimba kama uyoga. Nilizifunga kwenye kitambaa, nikaazima baiskeli, nikaenda Mugumu kwa fundi mmoja mzee kutoka pwani, Mwislamu, mwenye kofia ya vito iliyokuwa na mafuta ya injini mengi kuliko spana zake. Alizikamua zile raba kwa vidole, akanusa, akaziweka chini. Kisha alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda.

"Astaghafirullah! Watu wa bara! Sisi kwetu samli tunatia kwenye pilau."

"Ndiyo, fundi. Sasa raba ninapata?"

Alimwaga mezani mkebe wa makorokoro, akachambua raba za breki za jipu zilizovuliwa magari mabovu, akazipima na zangu kwa jicho moja. Mbili zilikaa sawa, ngumu kidogo lakini hazina nyufa. Mafuta ya breki hakuwa nayo. Hakuna aliyekuwa nayo, alisema, mpaka Musoma, na Musoma nako mpaka uwe na mjomba.

"Lakini zamani, mwanangu, kabla ya hayo ya kwenye kopo kuenea, breki zilikunywa mafuta ya mbarika. Mbarika na pombe kali, nusu kwa nusu, yachanganyike mpaka yasionekane mawili. Mbarika unalainisha, haudhuru raba. Pombe inaufanya mwepesi usigande. Si dawa ya kudumu. Mpaka kiangazi itakufikisha."

Nilirudi nikiimba. Mbarika ulijiotea kila nyuma ya nyumba, na mama alikuwa na chupa nzima ya mafuta yake, aliyokamua kwa ajili ya ngozi na nywele. Alinipa akisema afadhali haya, hayaliwi. Pombe kali ndiyo iliyokuwa tabu, kwa sababu gongo ilikuwa marufuku kabisa. Nilimuuliza mzee tutaipata wapi. Akakuna kidevu.

"Kwa balozi."

"Balozi yupi?"

"Kwani tuna wangapi?"

Nilikwenda nyumbani kwa balozi nikamkuta anapanga vigingi vya kuhama. Nilimsalimu, nikamwambia nahitaji pombe kali kidogo kwa dawa ya mgonjwa.

Alisimama wima. "Katika nyumba kumi zangu hakuna kitu hicho. Ni kinyume cha sheria. Mimi mwenyewe nimetangaza mkutanoni."

"Samahani, mzee."

"Kabisa hakuna." Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. "Mgonjwa wako ni mkubwa au mdogo? Chupa moja inamtosha?"

Alhamisi tulisafisha kila kitu. Mama alichemsha maji ya majivu, nikayapitisha kwenye bomba mara nyingi mpaka yakatoka hayana hata jicho moja la samli, nikasuuza kwa gongo kidogo, nikaliacha likauke juani. Nilipaka raba mpya mafuta ya mbarika nikazisukuma ndani kwa kijiti cha mti laini, zisikwaruzwe. Kisha ikaja kazi ya kutoa upepo, maana upepo ukibaki kwenye bomba unakanyaga upepo, si mafuta. Mtu mmoja anakaa ndani anakanyaga, mwingine yuko chini anafungua na kufunga skrubu ya kutolea.

Mzee alikuwa na magoti yake. Akaingia mama. Hakuwa amewahi kukaa kwenye kiti kile. Alivua kandambili, akashika usukani kwa mikono miwili ingawa hapakuwa na pa kwenda.

"Kanyaga!" nilipiga kelele toka chini. "Shikilia! Achia!"

"Na wewe usinipigie kelele kama mbuzi. Nimekanyaga."

Tulifanya hivyo mpaka mafuta yakakaribia kwisha, na pedali bado ilikuwa inadunda kama godoro. Nilifunga, nikakaa pembeni. Ijumaa asubuhi bado ilikuwa inadunda. Nilizunguka gari. Nilitazama moshi wa jikoni kwa mama ukipenya kwenye nyasi za paa, ukitafuta juu. Kisha nikatazama jinsi gari lilivyokaa, pua chini kwenye mteremko wa zizi, mkia juu, na silinda ndogo iko nyuma kuliko ile ya kikopo. Upepo ni kama moshi, hupanda. Ulikuwa umejificha mwisho wa silinda ndogo, juu kuliko skrubu, nasi tulikuwa tunauita utokee chini.

Nyuma ya zizi palikuwa na kichuguu kikubwa cha zamani, kimekufa, upande mmoja umelainishwa na ng'ombe waliojikuna. Mzee alifunga ng'ombe wake wawili, tukalivuta gari mpaka pua ikapanda kichuguu na kuangalia mawingu.

"Balozi asituone," mzee alisema. "Ataliita jembe."

Mama alipanda tena, safari hii bila kuitwa. Kanyaga, shikilia, achia. Baada ya muda viputo vikaanza kupanda kwenye kikopo, kimoja kimoja, kisha mkururo. Pedali ikapanda na kukaza chini ya mguu wake. Nilisikia akicheka juu huko.

"Imenishika mguu!" alisema. "Inasukuma kama ndama!"

Jumamosi kijiji kizima kilikuwa njiani: vitanda vichwani, kuku kwenye matenga, milango imebebwa na wenyewe. Mzee alivaa koti la kaki. Mimi nilikaa kiti cha pili nimepakata mkebe wa mafuta yaliyobaki. Injini iliwaka. Alikanyaga klachi, akatia gia, na gia ikaingia bila neno, kama kisu kwenye ala. Tulivuka mto mahali pa mawe, maji yakipiga chini ya miguu yetu, watoto wakikimbia pembeni wakiita, "Kuku! Kuku!"

Balozi alikuwa amesimama mbele ya ofisi chini ya bendera, na kamati yote nyuma yake. Mzee alisimamisha gari, mguu kwenye klachi. Balozi akaja, akaingiza mkono ndani ya gari, akasukuma gia mwenyewe mpaka ya kwanza.

"Sasa kanyaga hivyo hivyo. Usitoe gia. Nina maneno machache ya kuwakaribisha wananchi."

Maneno machache ya balozi yule yalijulikana wilaya nzima. Alianza na mababu, jinsi walivyotoka walikotoka. Akaja kwenye kilimo. Akasifu mistari ya nyumba, akasema kuhusu vyoo, akarudi kwa mababu kwa sababu kuna mmoja alimsahau. Muda wote huo jicho lake moja lilikuwa kwenye magurudumu. Raba ikipitisha mafuta hata kidogo, pedali itazama, klachi itashika, na gari litamrukia au litazima. Goti la mzee lilianza kutetemeka. Nililiona likitikisa suruali. Pembeni alikuwa mkewe na jiwe la kusagia kichwani, na midomo yake ilikuwa inasema kimya kimya, neno moja: shikilia, shikilia.

Gari halikusogea hata upana wa kidole.

Balozi aliishiwa. Nadhani ni mara ya kwanza maishani mwake. Aliangalia magurudumu, akaangalia goti la rika lake, akasema, "Haya. Nenda basi, kabla hujafa hapa nikaambiwa nimekuua."

Mzee aliinua mguu polepole. Gari liliondoka kwa upole, kama mtu anayeinuka bila kutaka kumwamsha mtoto. Watu walipiga vigelegele. Tulizunguka mlingoti wa bendera, na tuliporudi balozi alinishusha akapanda yeye.

"Huyu mgonjwa alikunywa nini?" aliniuliza, akinusa hewa.

"Dawa uliyompa, mzee."

"Basi nimeshindwa na chupa yangu mwenyewe," alisema, na mzee akacheka mpaka gari likaenda upogo.

Mama hakupiga vigelegele. Aliweka jiwe la kusagia mbele ya nyumba yake mpya, akapiga magoti, akaanza kusaga unga wa jioni kama kawaida. Mzee aliegesha gari karibu, akazima, akakaa ndani akimtazama mgongo. Gari lilikuwa lake mpaka afe. Hakuna aliyemdai kitu. Baadaye aliniita.

"Mura, gurudumu moja la nyuma likiinuliwa juu, jingine likabaki chini, lile la juu linazunguka?"

"Linazunguka."

"Na ukilifunga mkanda?"

"Linazungusha chochote. Ila lazima uachie klachi taratibu, vinginevyo mkanda unaruka."

"Klachi ninayo," alisema.

Nilikaa siku chache nyingine, kwa sababu ya mkanda. Ulipokaa sawa, hamu ikanitoka kama kawaida, na lori la chumvi likapita likirudi Tarime. Nilipanda. Tulipokuwa tunapita karibu na banda la mashine ya kusaga nililiona gari jekundu limeinua mguu mmoja wa nyuma kama mbwa kwenye mti, viti vimekuwa vyeupe kwa unga, na foleni ya wanawake imefika barabarani. Mzee alikuwa amesimama kando na kofia yake ya kambini, akimimina mahindi. Kwenye usukani alikuwa mama, miguu mitupu, naye mzee akimpigia kelele juu ya mlio wa injini: kanyaga, shikilia, achia.

"Nimeachia!" alijibu mama. "Wewe mimina."